Nyundo Chemchem: Datsun ya spoti yagoma kuuzwa kwa kilo

Wiki hii safu yenu haipo ufukweni wala kwenye ukumbi wa dansi. Tumeshika njia ya bara, ile ile ya wapagazi wa meno ya tembo, mpaka Tabora, mtaa wa Chemchem. Huko kuna gari moja la spoti limekuwa likipigwa nyundo tangu kiangazi kilipoanza, na kabla mvua haijaanza litajulikana kama ni gari au ni chuma chakavu. Ndiyo bwana, gari la spoti Tabora! Usicheke kwanza, nifuate taratibu.

Kufika siku hizi si kazi. Nilipanda treni ya umeme kutoka Dar hadi Dodoma, ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, halafu nikadandia basi la Manyoni, Itigi, Tabora. Lami tupu. Pale Itigi unaona vichaka vimeshonana mpaka unajiuliza mbuzi anapita wapi, na ukishaingia Unyamwezini yenyewe ni miombo mpaka macho yachoke, mizinga ikining'inia juu ya miti. Jirani yangu kwenye kiti, mama mtu mzima mwenye ndoo ya asali kati ya miguu, alinimegea matobolwa, yale viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Wenyeji wengine watakuapia kwamba jina la Tabora limetoka hapo hapo kwenye matobolwa. Mimi sibishani na mtu anayenilisha.

Ukitaka kujua raha unayoipata, kumbuka kwamba Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani hapa hapa Tabora, Novemba. Zaidi ya miezi minne! Mimi nilikula kiporo cha Dar nikalala Tabora. Miembe mikubwa mnayoiona mjini hapa inahusishwa na zama hizo za misafara, na mpaka leo ndiyo miavuli ya mafundi baiskeli, wauza kahawa, wacheza bao na, kama ilivyokuwa kwangu, mafundi bodi.

MTAA WENYE SAUTI

Chemchem ni kata ya mjini kabisa, jirani na akina Gongoni na Kanyenye. Ni mitaa ya nyumba za mabati yaliyopauka, vibaraza vya saruji, kanga zinaanikwa na bodaboda zinapenya kama sindano. Nilishuka nikauliza gereji ya mzee fundi bodi. Kijana mmoja akanijibu, "We kaka tega sikio tu. Ukisikia mtu anamgombeza bati, umefika."

Kweli. Ko! ko! ko! Halafu kimya. Halafu ko! moja ndogo, kama mtu anabisha hodi kwa adabu. Nikafuata.

Chini ya mwembe nikamkuta mzee mmoja mfupi, miwani imefungwa kamba, amekaa juu ya debe. Mbele yake kipande cha reli kimezikwa nusu ardhini. Hicho ndicho fuawe chake. Nikampa shikamoo. "Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa gazeti? Usiniandike jina. Wateja wakiniona gazetini watadhani nimepandisha bei."

Na nyuma yake, juu ya magogo manne, ndilo gari lenyewe: Datsun 1600 SSS ya mwaka 1970, nyekundu kwa kukumbuka tu, maana upande mmoja ilikuwa kutu, mwingine chuma kitupu kinachong'aa kama sufuria mpya.

SPOTI MWENYE MAVAZI YA TEKSI

Vijana wa leo mkiliona mtasema, "Hii si teksi ya bibi?" Sura ndiyo hiyo: milango minne, boneti la mraba, taa za duara mbili mbili. Lakini zile herufi tatu, SSS, si za mapambo. Ndani kuna injini ya lita 1.6 yenye kabureta mbili, na kila tairi la nyuma lina chemchemi yake linajitegemea, wakati magari mengi ya bei yake enzi hizo yalikuwa bado na ekseli nzima nyuma. Ukiingia kona ya vumbi, lenyewe linakaa.

Na vumbi lake lilikuwa la hapa hapa kwetu. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kushangilia kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Watu wa Dar tusisahau, Bert Shankland aliyekuwa akiishi Dar es Salaam alizishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, na Peugeot 404, msomaji ramani wake akiwa Chris Rothwell. Halafu wakaja Wajapani. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda na Datsun 1600 SSS, ndugu tumbo moja wa hili nililolikuta juu ya magogo. Mwaka 1971 wawili hao hao wakarudia, safari hii na Datsun 240Z, ile ya milango miwili yenye pua ndefu. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na 240Z kwa tofauti nyembamba ajabu: yeye na Harry Källström walimaliza na alama sawa, ikabidi itumike kanuni ya kuwatenganisha.

Lile 240Z la ushindi wa 1971 kampuni ya Nissan imelihifadhi huko Japani, linatunzwa kama mwali. Na tangu 2003 kuna Safari ya magari ya kale tu, wazungu wanaleta magari yao ya zamani kwa meli waje kuyachafua kwenye vumbi letu. Wakati huo huo sisi wenyewe ya kwetu tunayapima kwa mizani.

KAKA WANATAKA KILO

Hapo ndipo penye kisa, msomaji. Gari hili lilikuwa la marehemu mzee mmoja wa hapa Tabora, mtumishi mstaafu, aliyelinunua mkononi miaka ya sabini. Lilitembea mpaka likachoka, likaegeshwa uani, kuku wakataga humo. Mzee alipofariki mwaka jana, watoto wa kiume wakasema liuzwe kwa mnunuzi wa chuma chakavu, pesa zigawanywe, uwanja upatikane pa kujenga vyumba viwili vya kupangisha. Hesabu nzuri tu, hata mimi nisiye na kiwanja naielewa.

Aliyekataa ni binti wa mwisho, mwalimu. Nilimkuta gereji jioni, ametoka shule, vumbi la chaki bado mkononi. "Kaka zangu si wabaya," aliniambia. "Wana watoto, wana ada. Lakini mimi baba alinifundisha gia humu ndani. Alikuwa ananiweka kwenye kiti, yeye anakanyaga klachi, mimi natia gia. Sasa nimwambie nani achukue kiti hicho akipime kilo?"

Wakakubaliana hivi mbele ya baba mdogo: hitma ya mwaka wa marehemu ni mwisho wa Novemba, na ukoo wote utakuwepo. Siku hiyo gari likiwa limesimama juu ya matairi yake, lina milango, lina rangi, ni la dada, naye atawafidia kaka zake kidogo kidogo. Likiwa bado ni mabati juu ya magogo, mwenye mizani anaitwa asubuhi yake. Mimi nilifika Septemba. Hesabu wewe.

PUTI NI PODA

Vijana wa gereji walikuwa na jibu rahisi. "Braza, hili tunalipiga puti siku tatu, rangi siku mbili, tunakabidhi." Mzee akawatazama juu ya miwani. "Puti ni poda. Bibi harusi anapakwa akiwa mzima. Huyu mnataka kumpaka akiwa na kidonda."

Akanifundisha mtihani ambao kila anayenunua gari la mkononi anapaswa kuujua. Alichukua sumaku ndogo ya spika mbovu akaiweka kwenye madigadi ya mbele. Ikanasa. Akaisogeza chini, nyuma ya tairi, ikadondoka. "Hapo hakuna gari," akasema, "hapo pana unga tu." Fundi fulani miaka ya nyuma alikuwa ameziba tundu kwa puti nene kama chapati. Puti inanyonya maji kama sifongo, yanakaa humo, na kutu inakula bati kutoka ndani huku nje panang'aa. Siku ukigundua, kidole kinapita.

Kutu ina mitaa yake inayoipenda, na mzee anaijua yote kwa kugonga na kifundo cha kidole. Nyuma ya matairi ya mbele, ambako tope huganda. Chini ya milango, ambako vitundu vya kutolea maji huziba kwa vumbi. Vizingiti vya chini ya milango. Sakafu chini ya zulia. Chini ya betri, kwa sababu ya asidi. Na pembeni mwa kioo cha mbele mpira ukishazeeka. Bati zima linalia kama kengele. Bati bovu linajibu kama boga.

Dawa ni kukata. Unakata mpaka ufike kwenye chuma safi, hata kama roho inauma. Unachukua boksi la katoni, unachora kiraka, unakijaribisha pale kwenye tundu, ndipo unakihamishia kwenye bati. Bati gani? Hapa ndugu zangu wengi wanaharibu. Bati la kuezekea halifai: ni jembamba mno, na limepakwa zinki ambayo ukiichoma kwa moto inatoa moshi mweupe. Ukiuvuta, usiku unatetemeka kwa homa ukidhani ni malaria. Bati la gari la zamani lina unene wa karibu milimita moja hivi. Mzee anatumia bati jeusi la dukani akipata, asipopata anakata pipa la mafuta la lita 200, ambalo unene wake unakaribiana. Lakini pipa hilo anahakikisha lilikuwa la mafuta ya injini, analiosha, na analikata kwa tindo na nyundo, si kwa moto. Pipa lililobeba petroli linaweza kuonekana kavu na bado mvuke uliobaki ndani ukalipuka.

Kiraka kinakunjwa taratibu juu ya ile reli, kwa nyundo ya mti, kidogo hapa kidogo pale, mpaka kipate tumbo sawa na mwenzake wa upande wa pili. Kuchomelea nako kuna adabu yake. Ukiburuza moto kutoka mwanzo hadi mwisho, bati linapata joto, linavimba, linajikunja kama karanga. Mzee anatia nukta moja huku, anahamia upande wa pili, anarudi katikati, anaacha pakapoa, anakunywa kahawa. Vijana wanaona anachelewa.

Na pale palipobonyea bila kutoboka, hakuna puti wala moto. Mkono mmoja ndani unashika kipande kizito cha chuma, mkono mwingine nje una nyundo yenye uso laini kama kioo. Hupigi shimo; unalisukuma shimo kwa chuma cha ndani, halafu unapiga ule mgongo ulioinuka pembeni yake. "Bonde lilipoumbwa, mgongo ndio ulikuja mwisho," aliniambia. "Kwa hiyo ndio unaondoka kwanza." Ukipiga chuma juu ya chuma ovyo, bati linatanuka, na bati lililotanuka halina mahali pa kwenda: ukilibonyeza linalia pwa! linaingia, ukiachia pwa! linatoka. Basi hapo anapasha kinukta kidogo, kama sarafu, mpaka kiwe chekundu, anakigonga polepole, anakipoza kwa kitambaa kibichi. Bati linajirudi. Nililiona kwa macho yangu, na nilinyamaza, na wanaonifahamu wanajua mimi kunyamaza si jambo la kawaida.

MJI WA CHUMA TANGU ZAMANI

Nilimuuliza alijifunza wapi. "Relini." Tabora ni njia panda ya reli ya kati: treni ilifika hapa mwaka 1912, Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likafuata 1928. Karakana na chuo cha reli vimeacha mjini hapa watu wengi wanaojua moto na chuma, na wengine wakishastaafu wanahamia chini ya mwembe.

Lakini chuma Unyamwezini kilikuwepo kabla ya Mjerumani. Majembe ya chuma yalikuwa biashara kubwa, mpaka kwenye mahari yalihesabiwa. Shaba ya Katanga ilitembea kwa miguu kuja huku, na ndiyo iliyompeleka Msiri, mtu wa huku kwetu, akajitengenezea ufalme kule Kongo, mpaka alipouawa mwaka 1891. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa vitani, walitengenezea fedha zao hapa hapa Tabora kwa mitambo ya reli: sarafu za dhahabu ya Sekenke za rupia 15, zina picha ya tembo, ambazo leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanazigombania. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji.

Na kuna kisa ambacho mzee anakipenda kuliko vyote. Meli ya Liemba, ile ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Goetzen. Ilifunguliwa, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja Dar kwa bahari, ikapanda treni, ikapita hapa Tabora kwenda kuunganishwa tena Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kabla ya hapo mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na 1927 ikarudi kazini. Miaka mingi chini ya maji!

"Sasa umeelewa?" mzee akaniuliza, huku akitumbukiza brashi kwenye kopo la mafuta. "Chuma hakiogopi uzee. Kinaogopa kuachwa uchi." Ndiyo maana kila uvungu anaoufunga, ndani ya milango na vizingiti, anaupaka praima kwanza, na rangi ikishakauka atapulizia mafuta humo ndani, mahali ambapo hakuna mteja atakayechungulia.

KAMA UNA LAKO UANI

Kwa wenye gari la mzee limelala nyumbani, nimewachukulia dondoo. Kwanza liinue juu, lisikae kwenye majani mabichi. Zibua vitundu vya maji chini ya milango kwa waya. Toa zulia, anika sakafu. Toa betri. Usifunike kwa turubai la plastiki linalogusa bodi, unyevu unafungiwa humo. Heri kibanda cha makuti. Usitupe kipande hata kama kimeoza, kwa sababu ndicho kielelezo cha kukatia kipya. Puti si haramu, ila iwe ya mwisho na iwe nyembamba, milimita mbili tatu, juu ya chuma safi kilichopigwa msasa. Na rangi ipulizwe kiangazi, asubuhi kabla upepo haujaamka, ardhi imemwagiwa maji vumbi lilale. Mvua za Tabora zikishaanza Novemba, unyevu unaipaka rangi ukungu, kazi inarudi mwanzo.

Ndiyo maana presha ilikuwa juu. Siku naondoka, milango miwili ya kushoto ilikuwa imeshafungwa na inajifunga kwa kidole kimoja, klak! Sakafu ilikuwa imekamilika. Madigadi moja lilikuwa bado ni katoni. Paa halijaguswa. Wale vijana waliotaka puti, nikaona mmoja wao, kijana wa umri wangu aliyeishia kidato cha nne kama mimi, amebaki peke yake jioni, anajaribu ile kazi ya kupasha kinukta kwenye kipande cha bati bovu. Lilipojirudi akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Mzee alikuwa amemwona. Kesho yake akampa madigadi.

Na kaka mkubwa naye alipita, amesimama na pikipiki yake, hajashuka. Alilitazama gari muda mrefu. Akauliza, "Hii rangi itakuwa ile ile?" Dada akajibu, "Ile ile, kaka." Akawasha pikipiki akaenda zake. Hakusema zaidi, nami sikumfuata kumuuliza.

Ukienda Tabora usiishie gereji. Nenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe walilokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872, limekuwa jumba la makumbusho. Nunua asali, ila onja kwanza. Ukisalimiwa "mwangaluka" asubuhi, itikia, usikodoe macho.

Na jambo moja la mwisho, kutoka kwa mzee mwenyewe, kanituma. Kinachokosekana sasa ni taa ya nyuma ya kushoto ya Datsun 1600, kioo chake kiwe kizima. Kama babu yako anayo stoo, au umeiona kwenye mafungu ya vyuma chakavu, panda basi uende Chemchem, uliza gari jekundu lililo chini ya mwembe. Lakini wahi, hitma ni Novemba.

Tukutane wiki ijayo, tukijaliwa.